Tone la Tatu

Daftari ni la watoto, la miraba.
Nimelinunua karibu na stesheni ya Tokamachi,
muuzaji akaniuliza: mjukuu yuko darasa la ngapi?
Nikasema la tatu. Sikudanganya,
nilisema nusu.

Jina la mke wangu nalisoma popote:
kwenye kadi ya hospitali, kwenye kibati cha mlangoni,
kwenye risiti ya dobi aliyoiacha ndani ya koti.
Jicho linalijua kama ulimi unavyolijua pengo.
Ila nipe kalamu, uniambie andika,
mkono unasimama kizingitini kama mgeni
asiyejua avue viatu au apige hodi kwanza.

Ni simu hizi. Miaka kumi na mitano nimegusa sauti tu,
nayo simu ikaniandalia umbo limeshapikwa,
nikala, nikashiba,
bila kujua jiko liko wapi.

Kadi za msiba ziende kabla Desemba haijakolea,
kadi za kuwaambia watu: mwaka huu msitutakie heri.
Arobaini na tatu. Duka la chapa lingezimaliza kwa nusu saa.
Lakini Sumie aliandika zake zote kwa mkono, kila mwaka,
ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo,
hata ya yule fundi bomba aliyetuibia.
Basi.

Kanji ya kwanza mistari kumi na mitano, ya pili sita.
Zote mbili, kushoto, matone matatu ya maji.
La kwanza linashuka. La pili linashuka.
La tatu —
hapo nimekosea siku nne mfululizo.

Mimi niliendesha greda la theluji miaka thelathini na mmoja.
Utaratibu naujua: barabara kuu kwanza,
halafu njia ya hospitali, halafu vichochoro;
ukianza na vichochoro utajifungia
kwa ukuta uliousukuma mwenyewe.
Kanji ni hivyo hivyo. Anzia pabaya,
umbo litatokea, ndiyo, lakini lina kilema
ambacho kila mtu anakiona isipokuwa wewe.

Jumamosi anakuja Wakana na kalamu nyekundu.
"Babu, huu upande wa kulia naujua! Ni kupanda,
kama kupanda mlima. Tumefundishwa juzi.
Upande wa maji hatujafika."
Ananisahihishia nusu ya bibi yake.
Miguu imebanana, asema, itanue.
Na huu mdomo hapa chini umeupinda.

Zamani nilipokwama nilimwuliza Sumie,
naye hakunijibu kwa maneno. Alivuta kiganja changu,
pale pale ndani ya basi, akaandika kwa ukucha,
nami nikacheka kwa mnyeo, nikasema nimeelewa.
Sikuwa nimeelewa. Nilitaka arudie.

Sasa naandika kwenye paja, kwenye mvuke wa kioo cha bafu,
kwenye mchele kabla sijauosha.

Jana usiku, mraba wa mia mbili na kitu,
greda likapita nje. Sijui siku hizi analiendesha nani;
blade kaishusha mno, anaikwaruza lami.
Madirisha yakatetemeka, meza ikatetemeka,
kalamu ikaniponyoka kuelekea juu,
mkato mmoja mwembamba, kutoka chini kwenda juu.

Nikautazama.
Tone la tatu halishuki.
Linaanzia chini, linapanda,
linakwenda kumpokea mwenzake wa kulia.

Nikaandika mstari mzima. Nikaandika ukurasa.
Chai ikapoa. Wakana ataona Jumamosi
na hatakuwa na la kusema, kwa kuwa maji hajafika.

Jina limekaa. Bado neno lenyewe, msiba:
mistari kumi na miwili, na miraba yake myeupe inasubiri.
Hiyo sina haraka nayo.